Jarida Likikatwa, Mtafiti wa Garissa Asome Nini?



Jambo nililokuja kulizungumza huamuliwa katika vikao vya bajeti, na wengi wetu hatupati habari zake mpaka siku tunapoifungua makala mtandaoni tukaambiwa tulipe kwanza. Maktaba za vyuo vikuu, ng'ambo na hapa Kenya, zinaacha kulipia majarida ya kitaaluma kwa sababu bei imezishinda. Nitaeleza bei hiyo inatoka wapi, watafiti hufanya nini wanapokatiwa, na sisi wa Garissa, Wajir na Mandera tufanye nini.

Hoja yangu ni moja, naiweka mezani mapema: utafiti wowote uliofanywa juu ya watu, mifugo na ardhi ya Kaskazini Mashariki lazima usomeke Kaskazini Mashariki bila malipo. Na wa kwanza kulihakikisha hilo ni sisi wenyewe.

Biashara ya majarida

Tuanze na jinsi makala ya kisayansi inavyopatikana. Serikali au mfadhili hulipia utafiti. Mhadhiri huandika makala bila kulipwa na jarida. Wahadhiri wenzake huipitia na kuikosoa, nao pia hawalipwi. Makala ikikubaliwa, mwandishi hutia saini karatasi ya kumwachia mchapishaji haki zake. Kisha chuo kilekile kilichomlipa mwandishi mshahara hutakiwa kununua ruhusa ya kuisoma kazi yake. Ni kama mfugaji akame ngamia wake alfajiri, ampe mfanyabiashara maziwa bure, kisha jioni aende dukani kuyanunua kwa bei aliyopangiwa.

Tangu miaka ya 1990, wachapishaji wakubwa wameyauza majarida kwa vifurushi. Maktaba inayohitaji majarida 40 huuziwa 1,000 kwa mkataba wa miaka kadhaa, na bei huongezeka kila mwaka. Mwanzoni mpango huu ulionekana neema, kwa maana hata chuo kidogo kilipata rafu ndefu. Baadaye wakutubi waligundua kwamba hawawezi kupunguza kitu. Ukilitoa jarida moja, bei ya kifurushi haishuki. Ukiyanunua machache unayoyahitaji peke yake, unaweza kulipa karibu sawa na kifurushi kizima. Sehemu kubwa ya bajeti ikamezwa na kampuni chache, na kilichobaki kwa vitabu kikawa kidogo mno.

Msidhani haya ni malalamiko ya maskini peke yao. Mwezi Aprili 2012, Chuo Kikuu cha Harvard, chenye utajiri kuliko vyuo vyote duniani, kiliwaandikia wahadhiri wake kwamba gharama ya majarida ya wachapishaji wakubwa imefika dola milioni 3.75 kwa mwaka na haivumiliki tena. Kulikuwa na majarida yaliyouzwa dola 40,000 kwa mwaka, kila moja. Mapema mwaka huohuo, baada ya mwanahisabati Timothy Gowers wa Cambridge kupaza sauti, maelfu ya watafiti walitia saini kususia kampuni ya Elsevier: hawataiandikia, hawatapitia makala zake, hawatakaa katika bodi za wahariri wake.

Kisha maktaba zenyewe zikaanza kuondoka. Muungano wa maktaba za Uswidi, Bibsam, uliacha mkataba wake na Elsevier katikati ya mwaka 2018. Vyuo vya Ujerumani vilikuwa vimeshaanza kuachia mikataba yao ipite bila kuihuisha. Tarehe 28 Februari 2019, Chuo Kikuu cha California, ambacho watafiti wake huandika takriban sehemu moja ya kumi ya makala zote za Marekani, kilitangaza kuachana na mkataba wa takriban dola milioni 11 kwa mwaka. Mchapishaji akafunga mlango mwezi Julai. Miaka miwili baada ya tangazo hilo, Machi 2021, pande mbili zilirudi mezani na kutia saini mkataba mpya ambao makala za watafiti wa California husomwa na kila mtu duniani.

California ilishinda kwa sababu ilikuwa na kitu ambacho mchapishaji hawezi kukikosa, yaani kazi za watafiti wake. Pia wahadhiri walisimama na wakutubi wao tangu siku ya kwanza ya mazungumzo. Hilo la pili linatuhusu hata sisi tusio na ukubwa wa California.

Kwetu mlango hufungwa vingine

Hapa Afrika Mashariki jarida halikatwi kwa tamko la ushujaa. Mara nyingi linakatika lenyewe: bili inakuja kwa dola, fedha za serikali zinachelewa, muda unapita, nenosiri linakataa.

Wazee wa taaluma wanakumbuka kwamba hali hii haikuanza na intaneti. Katika miaka ya 1980 na 1990, fedha za kigeni zilipoadimika na serikali zikabana matumizi, maktaba za Nairobi, Makerere na Dar es Salaam ziliacha kupokea majarida mengi ya nje. Ukipita katika rafu za zamani utaona matoleo yanafuatana vizuri, kisha yanakatika ghafla. Kizazi kizima cha wasomi kilifundisha kwa maandishi yaliyopitwa na wakati, na hakikuwa na hatia.

Nafuu ilikuja mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani, pamoja na wachapishaji, lilianzisha mpango wa HINARI wa kuzipa nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo likafuata na AGORA kwa majarida ya kilimo na mifugo. Shirika la INASP la Uingereza likasaidia nchi zetu kununua majarida kwa pamoja, na mwaka 2003 maktaba za Kenya zikaunda muungano wao, KLISC, ambao hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama na kugawana bili. Bila muungano huo, chuo kichanga kama cha Garissa, kilichoanzishwa mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupata hati yake mwaka 2017, kingeanza maisha bila jarida la maana.

Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwezi Januari 2011 wachapishaji waliondoa zaidi ya majarida 2,500 katika mpango wa HINARI kwa watafiti wa Bangladesh, kwa hoja kwamba nchi hiyo sasa ni soko. Kelele zilipopigwa duniani, waliyarudisha. Yaliyowapata Bangladesh yanamkabili kila anayepewa msaada: anayetoa ndiye anayejua lini ataacha. Septemba 2014 Kenya ilikokotoa upya takwimu zake, uchumi ukaonekana mkubwa kwa asilimia 25 kuliko ilivyodhaniwa, nasi tukaingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Katika vitabu vya wahasibu tulitajirika siku moja. Bajeti ya maktaba haikuongezeka hata senti. Ruzuku za wafadhili kwa ununuzi wa majarida nazo zikapungua, na mzigo ukahamia kwa vyuo vyenyewe.

Ongezeni hapo thamani ya shilingi. Bili ya dola 10,000, dola ilipokuwa karibu shilingi 100, ilikuwa shilingi milioni moja. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola ilipofika shilingi 160, bili hiyohiyo ikawa milioni moja na laki sita. Mchapishaji hakupandisha bei, mkutubi hakuongeza jarida, lakini chuo kikadaiwa laki sita zaidi. Na vyuo vyetu vya umma wakati huo vilikuwa na madeni ya mishahara, pensheni na kodi. Katika foleni ya wadai, jarida la kemia husimama nyuma kabisa.

Watafiti hufanya nini

Mlango ukifungwa, watafiti hawaachi kutafuta. Hutumia njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Wapo wanaomwandikia mwandishi barua pepe. Njia hii ni halali na ya heshima, na waandishi wengi hufurahi kuombwa. Kasoro yake ni kusubiri. Mwanafunzi wa uzamili mwenye tarehe ya kuwasilisha tasnifu hawezi kuomba makala 60 moja moja. Wapo wanaomtegemea ndugu au rafiki anayesoma Uingereza au Kanada ili awapakulie. Huo ni usomi wa kujuana: mwenye jamaa Toronto anasoma, asiye na jamaa habahatiki. Wapo wanaosoma muhtasari tu, kisha wanainukuu makala nzima kana kwamba wameisoma. Hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa kosa dogo la muhtasari huingia katika tasnifu, kutoka tasnifu likaingia darasani.

Wapo pia wanaopita mlango wa nyuma. Mwaka 2011 Alexandra Elbakyan, mwanafunzi wa Kazakhstan, alianzisha tovuti ya Sci-Hub inayotoa makala zilizofungwa bila idhini ya wenye haki. Mahakama ya New York iliamua mwaka 2017 kwamba Elsevier ilipwe fidia ya dola milioni 15, lakini tovuti iliendelea. Ninaelewa kwa nini mtafiti anayetakiwa kulipa dola 30 au 40 kwa makala moja huenda huko. Hata hivyo, chuo hakiwezi kujenga elimu yake juu ya mlango unaoweza kufungwa na hakimu wakati wowote, wala hakiwezi kumfundisha mwanafunzi uadilifu huku kikimwelekeza huko.

Lipo kundi la mwisho, nalo ndilo linalonipa matumaini. Hawa wamejifunza kutafuta nakala halali zilizo wazi: katika hazina za kidijitali za vyuo, katika orodha ya majarida huria ya DOAJ iliyoanzishwa Uswidi mwaka 2003, katika hazina ya utafiti wa tiba ya Marekani iitwayo PubMed Central, na katika tovuti ya majarida ya Afrika, AJOL, iliyoanzishwa mwaka 1998. Wengi wetu tungeshangaa jinsi sehemu kubwa ya tunachodhani kimefungwa ilivyo na nakala wazi mahali pengine. Anayejua mahali hapo ni mkutubi. Kwa hiyo chuo kinachopunguza majarida na wakati huohuo kinapunguza wakutubi kinajikata mara mbili.

Homa, ngamia na haki ya kusoma

Nitoe mfano wa hapahapa. Mwaka 1931, Daubney na Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete, pamoja na daktari Garnham, waliandika juu ya ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo karibu na Ziwa Naivasha. Ndiyo makala iliyoipa dunia jina la homa ya Bonde la Ufa, na ilitoka katika jarida la Uingereza. Miaka 66 baadaye, mvua za El Niño za 1997 zilifurika nyanda zetu na homa hiyo ikaipiga Garissa. Watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Mwishoni mwa 2006 mvua zikarudi, na homa ikaanza tena hapa Garissa kabla ya kusambaa. Watu zaidi ya 150 walikufa nchini Kenya.

Makadirio yale ya watu 27,500 yalichapishwa mwaka 2002 katika jarida la magonjwa yanayoibuka linalotolewa na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC. Jarida hilo halimtozi msomaji wala mwandishi. Daktari wa mifugo wa Mandera mwenye simu na mtandao anaweza kuisoma makala hiyo usiku wa leo. Jarida hilohilo lilichapisha mwaka 2014 utafiti wa damu ya ngamia wa Kenya iliyokusanywa kati ya 1992 na 2013, uliogundua dalili za virusi vya MERS, ugonjwa wa njia ya hewa. Mwaka 2016 likachapisha mwingine, uliopima damu ya wafugaji wa Garissa na Tana River kutafuta virusi hivyohivyo.

Hebu fikirini damu ile ya wafugaji. Mtu alikunja mkono wa shati akakubali kuchomwa sindano, bila malipo ya maana, kwa sababu aliambiwa matokeo yatamfaa yeye na mifugo yake. Kama matokeo hayo yangefungiwa nyuma ya dola 40, daktari wa kijiji chake asingeyaona, na ahadi aliyopewa ingekuwa imevunjwa. Bahati nzuri watafiti hao walichagua jarida lililo wazi. Tusiliachie jambo zito kama hili bahati. Mipango ya dharura, chanjo za mifugo, maonyo ya mvua, vyote hutegemea afisa wa kaunti kusoma kilichojulikana jana kabla mafuriko hayajafika kesho.

Tulishawahi kuonyesha njia

Eneo hili lina historia ya kumfikishia msomaji kitabu. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupakia masanduku ya vitabu juu ya ngamia hapa Garissa na kuyapeleka kwa shule na familia za wafugaji, mahali gari lisipofika. Dunia ilikuja kupiga picha. Sera nyuma ya picha hizo ilikuwa ya maana kuliko picha zenyewe: serikali ilikubali kwamba umbali na umaskini visimnyime mtoto kitabu, na gharama ya kukifikisha ikabebwa na umma.

Dadaab nako, tangu 2013, mradi wa elimu ya juu kwa wakimbizi uliwaunganisha wanafunzi wa kambini na wa jamii wenyeji na vyuo vya Kenyatta, Moi, York na British Columbia. Vijana wa Ifo, Dagahaley na Hagadera walisomea shahada wakiwa palepale Dadaab. Masomo ya namna hiyo hayawezekani bila makala za mtandaoni. Na mwanafunzi akihitimu, nenosiri la chuo humwishia. Anabaki na shahada na akili iliyofunguliwa, mbele ya milango iliyofungwa.

Hatuwezi pia kusahau tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu hiki cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Chuo kilifungwa mpaka Januari 2016, na wanafunzi walionusurika wakapelekwa Eldoret. Vitabu vya rafuni havikuweza kuwafuata. Katika eneo ambalo usalama, mafuriko ya Tana au ubovu wa barabara huweza kumtenga msomaji na maktaba yake, makala iliyo wazi mtandaoni ni hitaji la lazima.

Tufanye nini

Kwanza, tukatapo tukate kwa macho. Mkutubi anazo takwimu za matumizi: jarida gani lilisomwa mara ngapi, kila usomaji uligharimu shilingi ngapi, na makala zake ngapi zinapatikana wazi kwingine. Takwimu hizo zipelekwe kwa idara na Senati kabla ya uamuzi. Idara ziseme zipi haziwezi kukosa. Mhadhiri asipate habari ya kukatwa kutoka kwa kompyuta yake. Na muungano wetu wa KLISC upewe nguvu ya kukataa mkataba mbaya kwa sauti moja. Chuo kimoja kikilipa kwa siri, wengine wote wanapoteza.

Pili, sehemu ya fedha itakayookolewa ibaki maktabani, ijenge hazina ya kidijitali na kuwaajiri wakutubi wa kuisimamia. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka wazi nakala yake iliyokubaliwa, ile ya kabla ya kupangwa na jarida, ama mara moja ama baada ya miezi kadhaa. Haki hiyo tunayo na hatuitumii. Senati iamue kwamba makala ambayo nakala yake haimo katika hazina ya chuo haihesabiwi wakati wa kupandishwa cheo. Kanuni hiyo moja itafanya kazi kuliko semina kumi.

Tatu, tujihadhari na mtego mpya. Baadhi ya majarida yamefungua mlango wa kusoma na kufunga wa kuandika: msomaji halipi, mwandishi anatozwa. Mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya euro 9,500 kwa makala moja, fedha zinazopita mshahara wa miezi kadhaa wa mhadhiri wa Kenya. Na pembeni wamejaa matapeli wanaochapisha chochote kwa ada ndogo bila kukipitia. Mtafiti kijana asikimbilie huko kwa sababu ya kuhesabiwa idadi ya makala. Aombe msamaha wa ada, ambao majarida mengi ya heshima hutoa kwa nchi zetu, au achague majarida yasiyotoza pande zote mbili.

Nne, watafiti wageni. Anayefanya utafiti Kenya hupata leseni ya tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI, na leseni hiyo humtaka awasilishe ripoti yake ya mwisho. Serikali za kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziombe jambo la ziada na jepesi: nakala ya kila ripoti na makala juu ya eneo hili ije kwenye hazina ya Chuo Kikuu cha Garissa, pamoja na muhtasari kwa Kiswahili na Kisomali. Aliyekuja na dodoso, kalamu na sindano hawezi kushindwa kurudisha karatasi.

Ndugu zangu, hatuna uwezo wa kuwashusha bei wachapishaji wa Amsterdam na London peke yetu. Uwezo wa kuyafungua tuliyoyaandika wenyewe tunao leo, na hauhitaji dola. Nawasihi wahadhiri mlio hapa: kabla muhula huu haujaisha, kila mmoja apeleke maktabani nakala za makala zake zote anazoruhusiwa kuziweka wazi. Nawasihi wanafunzi: muulizeni mkutubi kabla ya kukata tamaa. Na nawasihi viongozi wa chuo na kaunti: mkiandika bajeti ijayo, maktaba isiwe ya mwisho katika foleni.